Pini ya Goti

Jumatatu, 8 Juni 1964
Goti linalia tena. Nimelitia mafuta asubuhi, likanyamaza hadi barabarani, kisha kwi-kwi njia nzima. Mguu huu wa mti nilitengenezewa Mombasa, baada ya kidonda kuula wangu. Miaka sita sasa. Mvua haijakatika. Kinondo yote ni tope na mchanga. Nimezalisha mara moja. Mtoto wa kike, salama.

Jumatano, 10 Juni
Nimeanguka. Nyumbani kwa Mwanajuma, mwanawe mchanga mikononi mwangu. Nilikuwa nampeleka kwa baba yake akaadhiniwe. Goti likaachia. Nikajipindua, nikaangukia mgongo, mtoto kifuani. Hakuumia. Mwanajuma alimchukua haraka. Miaka ishirini ya ukunga, na leo naogopa kubeba mtoto.

Ijumaa, 12 Juni
Wamekuja kuniita kutoka Galu. Nimesema naumwa. Uongo.

Jumapili, 14 Juni
Bongwe, kwa Nyamawi, fundi wa majembe. Aliniamkia, akanikalisha, akaufungua mguu. Pini ya goti imelika katikati, imebaki nyembamba kama kijiti.

"Chuma laini hiki, mama. Mchanga unakila."

Nikamwambia basi atie kigumu.

"Kikiwa kigumu chote kitavunjika. Tutakifanya kigumu ngozi tu. Moyo ubaki laini."

Sikumwamini. Hata hivyo nimemwachia mguu. Shemeji amenirudisha kwa baiskeli, magongo mapajani.

Jumanne, 16 Juni
Nimeshinda kwa Nyamawi. Alichonga pini mpya, akaifukia ndani ya mkebe wenye unga wa makaa na kwato za ng'ombe zilizochomwa, akauziba kwa udongo. Motoni tangu asubuhi hadi alasiri. Harufu mbaya mno. Akaitoa nyekundu, akaichovya majini. Tak! Imepasuka. Nimelia mbele ya watu. Sijali.

Alhamisi, 18 Juni
Pini ya pili ameichovya kwenye mafuta ya nazi ili isipoe kwa ghafla. Haikupasuka. Akanipa tupa nijaribu mwenyewe. Nikasugua kwa nguvu zangu zote. Tupa ikateleza tu, chuma hakina hata mkwaruzo. Nyamawi akacheka kama aliyepata mwana. Nami nikacheka.

Alhamisi, 25 Juni
Wiki nzima natembea mchangani. Goti kimya. Bado sijashika mtoto wa mtu. Si goti tena. Ni mimi.

Jumamosi, 27 Juni
Nimekwenda kwa Mwanajuma kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Sikuyamaliza.

"Shikamoo, mama. Umekuja wakati mzuri," akasema. Akaniwekea mwanawe mikononi, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Nikabaki nimesimama uani. Mtoto amenenepa. Ananuka maziwa. Kisima chao kiko mbali, njia yote inaonekana kutoka pale nilipokuwa. Nilimtazama Mwanajuma mpaka akapotea. Hakugeuka nyuma hata mara moja.