Mchanga Mwekundu wa Namibia

6 Februari 2022

Fundi wangu,

Salaam nyingi. Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri kila nikisimama. Shangazi yako naye mzima, amehamia chumba cha mbele na redio yake, na sasa nyumba haina utulivu. Wewe hujambo? Bado wanakuweka kwenye mashine ya kukata lenzi za miwani kutwa nzima?

Nimeamua. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa watu habari za jangwa la Namibia, na sijawahi kukanyaga hata punje moja ya mchanga wake. Ulipokuwa darasa la sita ulisema utanipeleka, na leo nakushika kwa neno lako. Nimeshachora njia: tunashuka mji mkuu, tunakodi gari na dereva, siku ya tatu tunafika kwenye vilima vya mchanga jua likitoka. Nataka twende Juni hii, si baadaye. Nijibu mapema.

Baba yako

27 Februari 2022

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na shangazi mnaendelea vizuri. Mimi nipo, macho ya watu yananilisha.

Safari naitaka kuliko unavyodhani, lakini Juni nina mtihani wa ufundi mkuu, na nikiukosa nasubiri miaka miwili. Tusogeze mwakani. Mchanga umekaa pale tangu enzi na enzi, hautakimbia. Halafu mwandiko wako siku hizi unapanda mlima, nusu ya mistari imeishia ukingoni mwa karatasi. Najua unaandikia gotini. Kama miwani imekwaruzika, nitumie namba za lenzi alizokupimia daktari nikutengenezee mpya.

Mwanao

20 Machi 2022

Fundi, marahaba.

Sisi wazima. Mtihani kwanza, sibishi, ingawa roho imeniuma. Ila umekosea jambo moja: mchanga ule unahama kila upepo ukivuma. Nilikufundisha mwenyewe na ukapata nane kwa kumi. Namba za miwani ni zile zile za zamani, usihangaike kunituma kwa daktari.

Mwakani basi, na usinizungushe.

Baba yako

9 Mei 2023

Baba, shikamoo.

Habari za nyumbani? Mimi sijambo, ila najua nimekaa kimya, na najua huu ni mwezi wa ngapi. Mtihani nilifaulu, kama nilivyokwambia kwenye simu. Sasa mwenye duka amefungua la pili na funguo kanipa mimi. Nikiondoka wiki mbili kabla halijasimama, litalala chali. Nipe mwaka mmoja tu wa mwisho. Na uliposema ile miwani niliyokutumia imekukaa sawasawa, nilijigamba mbele ya wenzangu mpaka wakachoka.

Mwanao

14 Januari 2024

Marahaba, mwanangu.

Huu ni mwandiko wa shangazi yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameshagoma kuandika nilichosema juu ya chai yake. Tuko wazima kwa mengine yote.

Kaa chini kwanza. Ni presha ya jicho, tena macho yote mawili. Daktari aliniambia wiki tatu kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza ya safari. Alisema nitaona mwaka, pengine miwili. Nikakuficha, kwa sababu nilijua ukisikia utaifuta safari na kunizungusha hospitali mpaka likizo yako iishe, na mimi nilitaka nikaione Namibia kwanza. Matone nilipewa, nikawa natia nikikumbuka. Zile namba za miwani ni za mwaka niliostaafu.

Bado naona mwanga, na rangi kama ni kubwa. Ukiweza, tuwahi.

Baba yako

3 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea dukani. Nilifunga mlango saa tano asubuhi, wateja wakagonga, nikawaacha wagonge.

Sijui nikukasirikie wewe au nijikasirikie mwenyewe. Angekuja mteja mwingine wa miaka sitini na nne na namba za zamani, ningemrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Kwako nilikata lenzi, nikafunga bahasha, nikaendelea na kazi. Niliona mistari yako ikiteleza nikafanya utani. Na wewe, mwalimu mzima, ukanidanganya. Presha ya jicho ikishakula hairudishi, baba. Hii ndiyo kazi yangu na sikuona.

Likizo nimeomba nimepewa. Tunaondoka tarehe kumi na moja Mei. Matone kila siku, shangazi akusimamie.

Mwanao

30 Juni 2024

Fundi wangu,

Salaam. Tunashukuru tulirudi salama. Viatu vyangu bado vinamwaga mchanga, na shangazi yako anafagia huku ananung'unika, na huku anaandika.

Kuna jambo limenikaa kooni. Pale chini ya kilima, magoti yalipokataa kupanda, uliniuliza kama nauona wekundu wake. Nikasema nauona, nikakueleza hata habari ya chuma kilichomo mchangani na kutu yake. Sikuwa nauona. Tangu mwishoni mwa Machi sioni kitu, hata mwanga. Shangazi yako alijua, nilimwapisha asikwambie. Ulikuwa umenishika mkono, nikashindwa kukwambia kwamba tumechelewa.

Nisamehe kwa kukudanganya mara ya pili.

Baba yako

14 Julai 2024

Baba, shikamoo, na shangazi pia.

Mimi mzima, na duka zima.

Nilijua. Ulipokuwa ukinionyesha ule wekundu kwa kidole, ulikuwa umeupa mchanga mgongo. Ulikuwa unanionyesha gari la dereva, nalo ni jeupe. Dereva alisogea ili akugeuze, nikamkatalia kwa kichwa. Nikakuitikia, "Kweli baba, mwekundu," nikageuka nikautazama mwenyewe wakati wewe unaendelea kufundisha.

Sina cha kukusamehe. Ni mwekundu sana, baba, kuliko nitakavyoweza kukueleza hata nikijaribu. Nimeuona mimi, ambaye sikuwahi kuuhitaji. Juni ile ya kwanza ungeuona.

Mwanao