Usitume Tena Majani ya Chai

Kakuma, Turkana

Dada yangu Nakiru,

Ejok! Nakusalimu kwa salamu zote ninazozijua, za nyumbani, za kanisani na za stejini, uchague zitakazokufaa. Natumai huko Lodwar u mzima, na ile hoteli unayopikia bado haijafungwa kwa sababu ya mapishi yako. Mama ni mzima, ni goti tu linalonung'unika. Mimi ndiyo usiseme. Nimepaka piki yangu rangi nyekundu, na hapa stejini abiria wanapigania kiti changu kama mbuzi kwenye maji. Wivu usikuue.

Najua unashangaa mwandiko huu umetoka wapi. Ulidhani nilipoacha shule darasa la sita nilisahau hata kushika kalamu. Ningekupigia simu, lakini kila nikiongea nawe mama huja akakaa ubavuni mwangu, anameza kila neno, na haya sitaki ayasikie. Ndiyo maana nimempa Asekon, utingo wa lori, akuletee mkononi.

Nianze na katoni zako. Ukituma majani ya chai, sukari na maziwa ya unga, mama hufungulia katoni nje ili majirani waone. Anaita hata wale wasiotupenda. Anawaambia binti yake anaungua na moto wa jikoni huko Lodwar, lakini mtoto wake hajawahi kulala bila chai. Na kweli, Ejore wako alikuwa akipata kikombe asubuhi, kingine na ugali wa mchana, kingine jioni, na akilia anaongezwa. Mashavu yakajaa. Mimi nikambandika jina Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa na tumbo, hataki kutembea, anataka kubebwa tu. Tulicheka sana. Tulifikiri ni uvivu wa shibe.

Halafu akaanza kula udongo. Anakwangua ukuta, analamba vidole. Nikamtania kwamba atatumalizia nyumba tulale nje kama fisi. Marie-Claire, yule mama Mkongomani anayepita na beseni la mboga kutoka kambini, hakucheka. Alimshika Ejore, akamfunua jicho kwa kidole, akamwambia mama kwamba mtoto amekuwa mweupe ndani, hana damu, apelekwe hospitali, na apewe maharage na lengalenga badala ya chai. Mama akamjibu kwamba majani ni chakula cha mbuzi, na kwamba hajaomba ushauri kwa mtu aliyekimbia kwao. Maneno makali, dada. Marie-Claire akajitwisha beseni akaenda zake. Kesho yake akarudi kimya, akaacha fungu la mboga mlangoni. Mama akalitupia mbuzi.

Mwishowe mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari ni kijana kama mimi, ila hana sura. Alisema mwili wa mtoto unahitaji madini ya chuma ili utengeneze damu. Nikamuuliza kama tumpikie misumari. Hakucheka, akaeleza polepole kwamba chuma hicho kiko kwenye maini, nyama, samaki, maharage na mboga za kijani, na kwamba chai ikiandamana na chakula inakizuia kisiingie mwilini. Nayo maziwa yakiwa mengi hivyo, mtoto anashiba na chakula chenyewe hakigusi. Kumbe mashavu yanaweza kunona na damu ikawa imekwisha.

Nilifikiria mambo mengi, dada. Mama husema zamani walimtoboa ng'ombe shingoni, wakachanganya damu na maziwa, na mtoto akinywa anakimbia na mbuzi mchana kutwa. Ukame ukamaliza mifugo, tukahamia huku mjini. Maziwa tukayapata kwenye pakiti. Mahali pa damu tukatia majani ya chai, na rangi ikatudanganya kwamba tumekula.

Sasa kaa chini. Siku ile uliponipigia nikakuambia Ejore amelala, alikuwa amelala kweli, lakini kwenye kitanda cha wodi, na damu ya mtu inamwingia tone kwa tone. Siku niliyompeleka alikuwa ameanguka uani, midomo haina rangi, anahema kama aliyetoka mbio. Mama alituapisha tusikuambie. Walipotafuta wa kutoa damu, nilikunja mikono ya shati nikawaambia wachukue hata ndoo. Wakanipima, muuguzi akasema yangu haitoshi hata kwangu mwenyewe, kwa vile na mimi naishi kwa chai na mandazi. Aliyetoa ni Barnabé, mume wa Marie-Claire. Mama alikuwepo. Alimshika mkono kwa muda mrefu.

Ejore yuko nyumbani, anakunywa dawa, ameanza kunirushia mawe, basi ni mzima. Lengalenga mama amekubali. Chai imemshinda. Nikimwaga kikombe, anatengeneza kingine nikiwa stejini. Si ubaya. Anasema akimnyima mtoto chai yako, ni kama kumwaga jasho lako, na siku ukirudi atakuambia nini? Nami daktari ameniambia mtoto akirudi vile tena, huenda tusimuwahi.

Kwa hiyo mpigie mama. Usitaje barua, usitaje hospitali, usitaje daktari, maana ukimtaja daktari atajua ni mimi na atakataa kwa ubishi. Mwambie tu chai umechoka kununua. Tuma maharage na samaki wakavu wa ziwani. Atakasirika. Atafungua katoni ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na majirani watasema mji umemharibu Nakiru, amekuwa mchoyo hata kwa mwanawe. Itakuuma, najua, na huwezi kujitetea. Wacha waseme. Mimi nitakusema kwa sauti kuliko wote, mpaka mama mwenyewe aone haya kupika chai iliyobaki ya mchoyo kama wewe.

Wasalimie wote wanaokula chakula chako, Mungu awatie nguvu. Nawe akutunze. Mheshimiwa anakusalimu kwa jiwe.

Ni mimi nduguyo mwenye sura,
Lochakapong