Mkwe Anapiga Panki Ikolo

Mbeya, 9 Mei

Baba mkwe, shikamoo. Huku tu wazima, ila mume wangu, mwanao Gwamaka, anakohoa kidogo. Mguu unaendeleaje? Na kwa mvua hizi, kakao inakauka kweli?

Nimempa Gwamaka memori kadi akuletee. Ina ile filamu ya vita vya mtandaoni niliyokuandikia, itazame, utanishukuru. Ina pia nyimbo za bendi yetu. Tunapiga panki, tunaichanganya na kwaya na ngoma za kwetu.

Sasa nina hasira. Tarehe 28 Juni tumealikwa kutumbuiza hapo Ikolo, na mdogo wako, baba mdogo Nsajigwa, amekataza. Anasema mkwe haonekani mbele ya baba mkwe wake, basi nisipande jukwaani kijijini kwako. Miaka minne nimeishika desturi hii bila kulalamika. Sikuishika ili yeye aitumie kuniziba mdomo. Je, katazo ni lako?

Mkweo,
Asifiwe

Ikolo, 20 Mei

Mkwe wangu, marahaba. Ugonile, umelalaje? Mguu unavuta, kakao imeota ukungu, lakini tunamshukuru Kyala.

Filamu nimeitazama mara mbili, ya pili pamoja na majirani. Kirusi cha kompyuta kinazima kiwanda kizima bila risasi, na walinzi wako getini wanakunywa chai. Sijatulia tangu hapo.

Uliposema panki nilidhani ni ule unyoaji wa vijana, kumbe ni muziki wa magitaa. Wimbo wa tatu unaanza kama kwaya ya Pasaka, mara kelele. Nikaitikisa simu nikidhani imeharibika. Halafu nikaurudia. Naupenda.

Katazo si langu. Imba. Siku hiyo nitajifungia ndani, nisikuone.

Baba mkwe

Mbeya, 2 Juni

Ndaga, asante sana baba mkwe, na shikamoo. Pole na mguu.

Kujifungia sitaki. Nsajigwa atasema nimekufukuza uwanjani kijijini kwako mwenyewe. Nataka uje usikilize kama watu wote. Usipokuja sipandi jukwaani, na hapo atakuwa ameshinda.

Mkweo mkaidi,
Asifiwe

Ikolo, 30 Juni

Mkwe wangu, marahaba. Natumaini sauti imekurudia.

Nilikuja na kiti changu, nikaligeuzia jukwaa mgongo nisikuone. Watu walicheka, nikawaacha wacheke. Umeme ulipokatika, wote walikuwa wanakutazama wewe. Mimi peke yangu nilikuwa nimeelekea kwenye jenereta, nikamwona Nsajigwa akiizima kwa mkono wake.

Ile sauti iliyokuambia, “Mwanangu, usinyamaze,” ilikuwa yangu. Ukaimba bila spika, ngoma ikakufuata, uwanja ukaitikia. Nikajikokota na mguu huu, nikaiwasha jenereta, nikaweka kiti pembeni yake mpaka mlipomaliza. Nilijivuna, sikufichi.

Jana Nsajigwa alikusanya ukoo. Kumpazia mkwe sauti hadharani, anasema, ni aibu. Hatakanyaga tena kwangu. Nikamwambia njia anaijua.

Jumapili njoo na mumeo mle chakula. Ingia kwa mlango wa mbele. Nitakuwa nimekaa nikiutazama.

Baba yako