Ng'ombe Wanne na Neno Moja

Jumapili, jioni inaingia. Bariadi kuna joto la kukaangia mayai. Mawingu yamekuja tangu asubuhi, yamesimama juu yanatuangalia tu, mvua hakuna. Redioni wanasema wakulima tuandae mashamba, kisha wanasema tembo wameingia tena kwenye mashamba ya watu. Sasa tuandae ili wale nani?

Nimerudi kutoka kwa wazazi Mwamapalala, miguu ina vumbi mpaka magotini, na nina aibu ambayo lazima niimwage mahali. Nitaimwaga hapa.

Nianze na kero yangu, maana ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na hakuna kitu kinanikera kama r na l. Kisukuma hakina r, hilo najua, nimezaliwa nacho. Lakini jamani! Pale ninapokula mchana wameandika ubaoni UGARI NA MAHALAGE, na mama mwenye mgahawa nilimrekebishia kwa chaki, kesho yake akaandika upya vilevile. Mtoto darasani ananiambia, "Mwalimu, naomba karamu." Namjibu karamu ni ya harusi, wewe unataka kalamu. Anasema ndiyo mwalimu, karamu. Nakaa chini.

Baba yangu ndiye bingwa wao. Kwake ni habali, kalibu, balabala. Masikio yangu yamezoea kumrekebisha kabla hajamaliza neno, wala sijui tena kama nafanya hivyo.

Basi Alhamisi, wakati wa mapumziko, ikaingia sauti yake kwenye WhatsApp. Baba hana simu ya kutachi, hutumia ya kaka yangu Masanja, na hurekodi kama anahutubia mkutano wa kijiji. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwadila. Akauliza shule, akauliza goti langu, akauliza mvua ya Bariadi, akaniambia habari za mvua ya kwao ambayo nayo haipo. Nilikuwa na daftari za kusahihisha, nikawa namwambia simu, baba sema basi. Mwishoni ndiyo akasema:

"Sasa Limi, Maduhu wa Mwandoya amekuja na ng'ombe wake wanne. Mambo ya mahali tumeyamaliza. Wewe njoo Jumamosi, uone mwenyewe."

Kalamu ilinidondoka.

Lazima nieleze. Maduhu ni rafiki wa baba, mfugaji, amefiwa na mkewe, na meno ya mbele yalishamuaga. Mwaka mzima huu kila nikienda nyumbani namkuta uani. Kaka zangu hunitania, "Shemeji yupo." Mimi nina miaka thelathini na nane, sijaolewa, na sijawahi kuamka asubuhi nikalia kwa sababu hiyo. Lakini nyumbani kwetu kila mtu ana maoni juu ya hilo, mpaka shangazi ambao hawajui hata nafundisha darasa gani.

Kwa hiyo masikio yangu yakafanya kazi yao. Baba kasema mahali, mimi nikasikia mahari. Na ng'ombe si wametajwa?

Nikaisikiliza tena. Nikaisikiliza nimefumba macho. Baba yangu, ambaye alinibeba mabegani kunipeleka darasa la kwanza, amekaa na mzee mwenzake wamenimaliza kama mtamba mnadani, na mimi naitwa kuja kuona.

Na wanne! Naandika hili kwa sababu hapa hanioni mtu: kilichoniuma cha pili kilikuwa idadi. Hata kama nimekaa sana, ng'ombe wanne jamani? Mwalimu mwenye cheti?

Sikujibu. Ijumaa nilifundisha kwa hasira, watoto wakawa kimya kama wako kanisani. Masanja akaandika kwenye kundi la familia, "Dada Limi kesho usikose, kuna sapraizi," na vikatuni vya kucheka. Nilimtukana kimoyomoyo. Usingizi wenyewe ulikuwa wa kuibia.

Si kwamba nilidhani wangenifunga kamba. Nilijua naweza kusema hapana. Lakini ukimwambia baba yako hapana mbele ya mgeni wake, utarudi tena nyumbani kwa sura gani? Na nyumbani kwenyewe mimi nina nini? Kaka zangu wote wamejengewa pale uani, kila mmoja na mlango wake. Mimi nikienda nalala chumba cha magunia, na panya wananipita juu kama barabara ya Maswa. Mayu, mama yangu, akiniona naingia hupaza sauti kwa furaha kabisa, "Mgeni kafika!" Hajui kwamba neno hilo hunichoma. Anafurahi kweli, na mimi huwa natabasamu.

Hilo ndilo nililokwenda nalo jana kwenye bodaboda. Nikimkataa Maduhu, nitakuwa nimepoteza hata kile chumba cha magunia.

Nilipofika uani, kitu cha kwanza kuona ni ng'ombe. Wanne. Weusi wawili, wekundu wawili, wamefungwa pembeni wanacheua, na mkokoteni uko karibu. Maduhu amekaa kwenye kigoda anakunywa maji kwenye kibuyu. Baba yuko pembeni yake, amevaa shati la kanisani, siku ya Jumamosi.

Sikusalimia.

Msukuma akisoma hapo atashika kichwa. Kwetu unaweza kuja na msiba mkononi, kwanza utasalimia, utauliza nyumba, utauliza watoto, utauliza mifugo, ndipo useme umefiwa. Mimi nilipita watu wazima wawili nimesimama wima kama mlingoti. Mayu akatoka jikoni na "Mgeni ka..." akaishia hapohapo.

Nikasema, "Baba, yaani umemaliza mambo ya mahali bila hata kuniuliza?"

Ndiyo. Nilisema mahali. Mwalimu wa Kiswahili, nikikasirika ulimi unarudi kwao.

Baba akashangaa kidogo, akasema kwa upole, "Ningekuuliza ungesema subili. Wewe kila kitu subili. Na umli unakwenda."

"Umri wangu?"

"Wangu," akasema. "Na wako pia."

"Na huyu?" Nikamnyooshea kidole mtu mzima, Mungu anisamehe.

"Maduhu? Amejitolea mwenyewe. Ng'ombe wake amewatoa kwa moyo mweupe, hata sikumbembeleza."

"Basi awachukue arudi nao! Mimi sitaki!"

Maduhu akaweka kibuyu chini taratibu. Baba alinitazama, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Alikuwa kama mtoto aliyekuletea ua ukalitupa. Akakaa kwenye jiwe. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Hupataki?"

Nikafungua mdomo kujibu.

Pa.

"Nilijua utapapenda," akaendelea, haniangalii. "Ni kalibu na jiko la mama yako. Lakini kama hupataki, si neno. Tutapaacha."

Mwanafunzi wangu wa darasa la tano angejua. Mahari huitaki. Mahali hupataki. Baba anaweza kugeuza kila r iliyoumbwa kuwa l, lakini ngeli hajawahi kuikosea maishani mwake. Nimesimama pale, jua la utosini, nikihisi joto linapanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

"Baba," nikasema, "mahali pa nini?"

"Pa nyumba."

"Ya nani?"

Akaniangalia kama mtu anayeanza kuhofia akili yangu. "Yako, Limi. Unadhani tunaongea habali gani?"

Nikasema. Sikuwa na namna, nilisema yote, mahari, Maduhu, wale wanne. Mayu aliziba mdomo kwa kanga. Maduhu kicheko kikamtoka, mwili mzima, mpaka ng'ombe wakageuka kutazama. Akasema, "Mwalimu! Ng'ombe wanne? Ungekuwa rahisi hivyo si wangekuchukua ukiwa darasa la saba!" Akafuta machozi. "Hawa nimekuja nao kubeba mawe ya msingi. Kuoa mimi? Kwa meno yapi?"

Nilipiga magoti palepale vumbini, nikamsalimia moja baada ya nyingine, nyumba, watoto, mifugo, sikuruka hata kimoja. Alinijibu zote huku anacheka. Nikamwomba radhi, akasema tangu mkewe atangulie hajacheka hivyo, nimemlipa.

Kisha baba akanipeleka. Ni nyuma ya jiko la Mayu, pale palipokuwa na ukuta wa minyaa. Wameusogeza. Wameng'oa minyaa ya zamani, wakapanda mipya mbali zaidi, ili ule upande uwe ndani ya boma. Vigingi vimepigwa kwenye pembe, kamba imevutwa, na mawe ya Maduhu yamerundikwa yanasubiri fundi. Baba akaniingiza ndani ya kamba kwa kunishika mkono, akaniambia hapa mlango, hapa dirisha, utaona machweo, nikajua ameshakaa hapo peke yake mara nyingi akiijenga kichwani.

Mayu ndiye aliyempelekea maneno ya panya. Krismasi nilimtania tu kwamba panya wa chumba cha magunia wananijua kwa jina. Yeye hakucheka, alikwenda kumwambia mumewe.

"Kaka zangu wanasemaje?" nikauliza.

"Masanja amechimbia hivyo vigingi. Mdogo wake amepanda minyaa." "Wazee wawili watatu walisema. Kwamba mtoto wa kike ni wa kwenda, haachiwi mahali. Nikawaambia sawa, ni wa kwenda. Na siku akiludi, akae wapi?"

Hakusema kwa sauti kubwa. Alikuwa anakanyagakanyaga udongo pale pa mlango.

"Nimewaambia wote, hapa ni pa Limi. Niwepo, nisiwepo. Uolewe, usiolewe."

Nililia. Sitaandika kilio cha heshima, nililia na kamasi, nimeshika kigingi cha watu. Baba alinipigapiga mgongoni kama anavyotuliza ndama, akaniambia nisikilegeze, fundi anakuja wiki ijayo.

Tukala ugali na mlenda, Maduhu katikati yetu, na kila akichukua tonge anaguna, "Wanne!" Masanja alipofika na kusimuliwa alilala chini kabisa kwa kucheka. Najua nitazikwa na hadithi hiyo. Tayari shangazi yangu wa kule Binza kaandika kwenye kundi kwamba yeye angekubali hata wawili.

Usiku nililala kwenye chumba cha magunia, na panya walikuja kama kawaida. Sikuwafukuza, nao wanahama karibuni.

Leo baada ya ibada nikajiandaa kurudi mjini. Nilimwomba baba aseme tena "mahari", nimsikie tu. Akasema mahali. Nikamwomba aseme "mahali". Akasema mahali. Akaniuliza tofauti iko wapi, na mimi, mwenye cheti, mwenye chaki, mwenye kero zangu zote, nikamwambia kwa kweli baba sijui.

Mayu alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, kafungasha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa rambo. Siku zote ananiaga kwa maneno yaleyale, ukija tena uje na sukari. Jana aliishia katikati ya "mgeni" na mpaka leo hajalimalizia. Akanifunga kanga vizuri mabegani, akaniambia:

"Ukirudi, uje na sukari."

Ukirudi. Nimelibeba neno hilo mpaka Bariadi, na bado ninalo hapa mezani pamoja na michembe.

Kesho kipindi cha kwanza nina darasa la tano. Somo, nimeangalia sasa hivi kwenye ratiba, ni ngeli ya mahali. Mungu anisaidie nisilie mbele ya watoto wa watu.