Mizani ya Kupandia Ndege

Biryogo, Kigali
Alhamisi

Mama yangu,

Kabla ya salamu, natangaza rasmi mbele yako na mbele ya ukoo mzima, waliopo na waliotangulia: mimi mwanao Hamisi nimepimwa uzito. Kilo sitini na tatu, bila viatu. Shughuli ilihudhuriwa na watu wawili na paka.

Sasa shikamoo, mama. Macho yanasemaje? Dada ameniambia bendeji imetolewa na umeshaanza kuwakosoa watu mavazi yao, nikajua umepona. Ameniambia pia ulilomwambia daktari, kwamba kitu cha kwanza cha maana unachotaka kukiona ni mimi nikishuka kwenye ndege. Hilo limeninyima raha kidogo, kwa hiyo nikueleze mambo yalivyo.

Yule mzee wa Kibagabaga mwenye ndege ndogo, aliyekulia hapo hapo Mwanza wazazi wake walipokuwa wakimbizi, bado ana nia ya kumtembeza mkewe huko Jumamosi. Kiti alinipa baada ya kumshonea vifuniko vya viti. Alitaka kitambaa chepesi, na zipu zitolewe, eti nazo zina uzito. Nikadhani ni ubahili. Kumbe ana hesabu zake.

Ndege ina viti vinne, lakini usidanganyike, si ya watu wanne. Akijaza petroli ya kwenda na kurudi, maana petroli ya ndege hizi haipatikani kila mahali, nguvu inayobaki ni ya watu watatu na vifurushi vya mkononi. Kigali iko juu, hewa yake hafifu, na jua likipanda ndege inakuwa mvivu, ndiyo maana anaruka asubuhi mapema. Angani hakimbizi injini. Anasema bora kuchelewa kidogo kuliko kuinywesha petroli. Mabawa anayafuta wadudu kwa mkono wake, kwa upole ambao mkewe anasema yeye hajawahi kuuona. Na kila kinachopanda kinapita kwanza kwenye mizani, sebuleni kwake. Mkewe alipanda akiangalia ukutani.

Kosa langu ni mdomo. Nilimwambia Mama Zaituni, jirani yangu muuza chapati, kwamba nakuja kukuona na kwamba ulipasuliwa macho. Huku Biryogo mgonjwa wa mmoja ni mgonjwa wa kichochoro kizima. Kabla ya adhuhuri akaleta kidumu cha asali. "Mpelekee mukecuru," akasema, ndivyo wanavyokuita huku, bibi wa heshima, "iko kidogo tu." Akafuata fundi mwenzangu na vitenge, iko kidogo tu. Mwenye duka akaleta majani ya chai na sukari. Mteja wangu wa Ndera akaja na maharage ya shambani kwake, nayo kidogo tu, yamebebwa na watu wawili. Ningemrudisha nani? Pole ya mgonjwa hairudishwi mlangoni, wewe ndiye uliyenifundisha.

Leo nimeupeleka mzigo Kibagabaga. Mzee akaupandisha kwenye mizani, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Kilo sitini na moja. Ulikuwa mimi mtupu, ila nimekondeana kidogo.

"Fundi," akasema, "ndege haijui adabu. Mzigo au wewe."

Nikapendekeza mzigo utumwe kwa basi. Mkewe akacheka. "Na pale mpakani Rusumo, maharage yakiulizwa ni ya nani, yatajibu nini?"

Mzigo usio na mwenyewe mpakani ni yatima. Mtu angalau ana mdomo, nami wangu umeshaonekana unavyofanya kazi.

Kwa hiyo Jumamosi nenda uwanjani kama ulivyopanga, vaa ile miwani ya daktari, na watu wako wote waje. Atashuka mzee, atashuka mkewe, kisha watafungua mkanda wa kiti cha nyuma na kuteremsha pole zako. Omba usogee karibu, ukitazame kile kiti. Mshono ule ni wangu.

Nisalimie dada aliyekuuguza, na yule bibi jirani anayekushika mkono kwenda msikitini. Mjomba, aliyeahidi kunipiga picha kwenye ngazi za ndege, mwambie ndege hii haina ngazi. Asali usiifungue kabla sijafika.

Mwanao,
Hamisi

Basi la kutoka Kigali linaingia Mwanza Jumapili.