Nyumba ya Wawindaji Yateremshwa Ziwani

Mlimani, 4 Agosti 1974

Mwanangu Odeta,
Habari za Mwanza, na kazi ya uuguzi? Sisi wazima, ila mama yako kifua hakijatulia.
Tumeamriwa kuhamia kijiji kipya ziwani. Ile nyumba ya mbao ya wawindaji wa Kizungu itabomolewa, ikasimamishwe huko iwe zahanati. Wamenitaka mimi, fundi niliyeijenga. Nimekataa. Boriti iliyomwangukia baba yako mdogo Ngosha ndiyo inayobeba paa. Bwana mwenye nyumba alitupa siku moja ya kuzika.
Baba yako, Masalu

Mkuyuni, Mwanza, 19 Agosti 1974

Baba, shikamoo. Mama anaendeleaje?
Sikulazimishi. Ila juzi pale Kigongo, mama mmoja wa upande wenu alijifungulia kwenye foleni ya kivuko. Nilimpokea mtoto mimi mwenyewe. Hakulia.
Binti yako, Odeta

Kijiji kipya, 27 Oktoba 1974

Mwanangu,
Salamu nyingi. Mama yako anakohoa bado.
Nilikubali. Kila ubao tuliuandika namba kwa mkaa, watu wakabeba kichwani siku nne. Boriti ile niliiacha mlimani, nikachonga nyingine. Nikiwa huku juu ya paa, jirani yetu Josephat, aliyepewa kusimamia uhamisho, aliitia moto nyumba yetu ya mlimani ili tusirudi. Mama yako aliokoa sanduku tu. Tunalala kwenye kibanda cha nyasi. Nyundo sitaki hata kuiona.
Baba yako

Mkuyuni, 8 Novemba 1974

Baba, shikamoo. Poleni sana, jamani.
Njooni wote wawili. Chumba changu kidogo, lakini hakivuji. Hao waliowachomea waimalizie zahanati wenyewe.
Binti yako

Kijiji kipya, 15 Desemba 1974

Mwanangu,
Marahaba. Mama yako sasa anapumua vizuri.
Tulikwisha funga mzigo tuje. Asubuhi ya kuondoka mke wa Josephat akashikwa na uchungu, akaletwa zahanati. Mkunga alikuwepo, ila mlango wa chumba ulikuwa bado haujapachikwa, na mvua ilikuwa inaingia. Nikarudi kuchukua nyundo. Josephat alisimama nje analowa, hathubutu kunitazama. Nikamwacha alowe kidogo. Kisha nikamwambia, "Shika upande huo, mlango mzito."
Akashika. "Mzee Masalu," akaanza.
"Inua kwanza," nikamwambia.
Mtoto alilia kabla sijakaza bawaba ya chini. Wa kike. Josephat akakaa chini kwenye tope akalia naye, nami nikapigilia misumari iliyobaki.
Baba yako