Nimemfundisha Baba Mdogo Maneno ya Kuingilia Ukumbi wa Wakubwa

Mpendwa Bi Yusrah, naomba msaada wako, na kabla sijaendelea nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si Abeli ninayekaa naye dawati moja: kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikimfundisha baba yangu mdogo Kiingereza cha kuingilia kwenye kumbi za starehe za watu wazima huko Ulaya, zile ambamo wanawake wanacheza jukwaani na wanaume wanalipa kuwatazama.

Niko kidato cha nne, kwetu ni Mabwerebwere pale Kilosa, ila naishi Mikumi kwa baba mdogo, nitamwita Ditram, kwa sababu shule yangu iko huku, na yeye na mkewe, mama mdogo Letisia, ndio wanaonilisha na kunivisha na sijawahi kuona ubaya wao. Baba mdogo ni dereva wa watalii hifadhini. Mwaka jana aliwaendesha wazee wawili Wajerumani, mtu na mkewe, wakampenda kwa sababu hana papara, na mwaka huu wamemwalika kwao, tiketi wamelipa wao, viza imetoka, na yeye hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Zanzibar, kwa hiyo ukoo mzima unatembea kifua mbele. Sasa dereva mwenzake, Bonifas, aliyewahi kufika huko, akamwambia mbele yangu, "We Ditram, ukirudi bila kuiona ile mitaa ya usiku utatusimulia nini? Makanisa?" Tangu siku hiyo kila tukiosha gari nyuma ya nyumba maswali ni hayohayo.

Mimi ni mwoga wa watu, Bi Yusrah, darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono, lakini kwenye Kiingereza nyumbani wote wananitegemea, na nakiri kwamba nilipenda kutegemewa. Nikamsomea masharti ya kumbi hizo kwenye simu yake, masharti tu, picha sikufungua. Akawa anauliza, "Mlangoni nasemaje? Nikiingia namsalimia nani kwanza? Watataka barua ya mtendaji wa kijiji?" Nikamwambia barua ya mtendaji hawaijui, wanataka pasipoti, kupiga picha marufuku, kugusa marufuku. Akasimama na kitambaa chake kinachuruzika maji, akasema, "Kumbe ni kama getini kwetu! Unalipa kiingilio, unaangalia, hushuki garini, unatoka." Nilicheka mpaka nikapaliwa, na baadaye nikaona aibu kwamba nilicheka, ingawa sikujua aibu hiyo inatoka wapi.

Shida yangu ni hii. Jumamosi ijayo kuna ibada ya kumwombea safari, kwa babu, Mabwerebwere, na mwinjilisti Elikana ndiye ataongoza. Kwetu msafiri haelezi safari yake mwenyewe, anasimama mtoto wa nyumbani aliyesoma, anataja leo atakuwa wapi na kesho wapi, na watu wanaiombea kila siku kwa zamu yake. Nimechaguliwa mimi. Siku mbili za mwisho baba mdogo atawaaga wenyeji wake na kulala peke yake mjini, na ameniambia, "Hapo utasema natembelea bustani ya wanyama." Yaani bibi yangu afumbe macho aombee bustani ya wanyama! Na mama mdogo tayari ana wasiwasi. Juzi akichambua mchele aliniuliza, "Wewe ndiye unayemsomea hiyo simu. Kuna nini humo?" Nikasema, "Hakuna, mama." Akasema, "Watu wanakwenda huko wanazamia, hawarudi tena. Akizamia, mimi na watoto hawa tutakuwa wageni wa nani?" Nikainama, nikamsaidia kuchambua.

Nilipomwambia baba mdogo kwamba naona vibaya, alijibu, "Kama umechoka kukaa kwangu sema, magari ya Kilosa yapo kila siku." Mtihani wa taifa ni Novemba, nikirudishwa Kilosa sasa sijui nitasomea wapi. Lakini uongo ule sitausema, hilo nimeshaamua. Nisichojua ni namna ya kukataa bila kuwa mtoto asiye na shukrani. Nifanyeje?

Mwanafunzi, Mikumi

*

Mwanangu,

Umeshaamua, na umeamua vizuri. Umekuja kwangu kutafuta ujasiri, basi chukua, ila kwanza vumilia maneno mawili matatu.

Baba yako mdogo ni mtu mzima. Akitaka kwenda kutazama wanawake wakicheza, hilo ni lake na mkewe, mimi na wewe hatuwezi kumfunga kamba mguuni. Kosa lake ni kumchukua mtoto wa shule, aliyekabidhiwa amlee, akamfanya karani wa siri ya chumbani kwake. Halafu akakutishia malazi. Hapo amekosea, na shukrani yako haikulazimishi kusema amepatia. Shukrani ni kuosha vyombo, kuosha gari, kufaulu mtihani.

Na wewe pia usijifanye malaika. Ulipenda kuitwa mtaalamu. Mwoga wa watu umepata mtu mmoja anayekusikiliza, ukaona utamu, ukaendelea. Na aibu ya kicheko chako nitakuambia inatoka wapi: wale wanawake si nyati wa Mikumi. Ni watu kazini, wana mama zao na kodi za nyumba, na huenda mmoja wao ana mdogo wake anayesoma kama wewe. Ulicheka, halafu moyo ukakukumbusha. Mshukuru moyo wako.

Sasa fanya hivi. Mfuate baba mdogo kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili, mchana. Shikamoo kwanza. Mwambie hutamsomea tena mambo ya kumbi hizo na hutataja bustani ya wanyama. Usimhubirie, hukutumwa kuhubiri. Akikasirika, nyamaza, ila usirudi nyuma. Kisha mwombe mwinjilisti amtafute msemaji mwingine, na sababu usiitaje.

Kwa mkewe usipeleke habari. Mwenye habari aipeleke mwenyewe. Lakini akikuuliza tena, neno "hakuna" lisitoke kinywani mwako. Mwambie, "Mama, muulize baba." Mama huyu anaogopa kuachwa, na ukimya wako unamlisha hofu kubwa kuliko ukweli wenyewe.

Na nenda leo hii kwa mwalimu wa malezi ukaulize nafasi ya bweni. Mtu anayejua atalala wapi hatishiki kirahisi.

Bi Yusrah

*

Mwanafunzi huyu alituandikia tena baada ya safari. Barua yake tunaichapa kwa ruhusa yake.

Bi Yusrah, shikamoo. Mwalimu wa malezi alisema bweni limejaa, lakini kitanda kikipatikana atanifikiria, kwa hiyo nilikwenda kwa baba mdogo bila uhakika wowote. Alikuwa anapima upepo wa matairi. Nikamwambia yote. Akasema, "Nani amekupa uchungaji?" Nikasema, "Hakuna, baba, ila siwezi." Akaendelea na matairi yake.

Mwinjilisti Elikana nilimwomba anitoe, akakubali bila kuuliza sababu. Jumamosi akasema mbele ya watu, "Leo msafiri atajieleza mwenyewe, maana ana mdomo." Watu wakacheka. Baba mdogo alieleza vizuri mpaka siku mbili za mwisho, hapo akasema ni za kupumzika, akawa anaangalia mlangoni. Mama mdogo akasimama kati ya wanawake, na kwetu mke hasimami kuuliza ibadani, akauliza swali moja tu: "Utarudi?"

Baba mdogo alishtuka. "Nitarudi, Letisia. Kwa nini nisirudi?"

"Basi mbona unajificha?"

Alimjibu tuliporudi Mikumi, wakiwa chumbani, na mimi nilitoka nje nisisikilize, lakini sauti ya mama mdogo ilinifuata hadi uani: "Hayo ya kumbi tutaongea. Lakini mtoto! Ulimtuma mtoto, Ditram?"

Mama mdogo aliponikuta uani nikamwomba radhi kwa kumwambia "hakuna" wakati jambo lilikuwapo. Akasema, "Kitanda chako kiko palepale. Na simu ya mtu mzima usiishike tena." Baba mdogo hakunisemesha wiki ile yote.

Siku ya safari nilimbebea begi hadi stendi. Sasa amesharudi, ila sijui huko alikwenda wapi na hakwenda wapi, na sijamuuliza. Siku ile pale stendi nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapanda basi. Nikarudi nyumbani, nikavaa sare, nikaenda shule. Tulikuwa na kipindi cha Kemia, mwalimu akauliza swali, nikanyoosha mkono.